Waliokulia Mwanza na kandokando ya ziwa: kwenu sikukuu mlikula nini?

Kijana wa Mwaloni aliandika:

Wakuu, habari zenu.

Tunaishi Dodoma kikazi. Juzi mwanangu wa darasa la tatu kaniambia siku yake ya kuzaliwa anataka sato mzima wa kukaanga, "kama wa kwenye sherehe". Nikabaki namtazama. Sato wa sherehe! Mimi nimekulia Kirumba, nyumba ya kupanga, jirani kabisa na mwalo. Upepo ukigeuka nyumba nzima inanuka dagaa na hakuna anayelalamika. Sato kwetu alikuwa chakula cha Jumanne. Jumatano tukabadilisha, tukala sato wa jana.

Sikukuu ndiyo ilikuwa siku samaki wanapumzika. Ukisikia harufu ya samaki kwa jirani Desemba 25, unajua baba wa nyumba ile hajalipwa, au wana ugomvi.

Kwetu maandalizi yalianza mapema. Wazee wa mtaani walichanga hela, wawili watatu wakatumwa mnadani kununua ng'ombe. Anachinjwa alfajiri ya tarehe 24 chini ya mwembe. Nyama inapangwa mafungu juu ya majani ya mgomba, na kila fungu lazima lipate kidogo kila kitu: mfupa, utumbo, ini, steki. Halafu mzee mmoja anageuzwa mgongo. Mwingine anagusa fungu anauliza, "Hili la nani?" Asiyeona anataja jina. Umepata mifupa mingi, umepata mifupa mingi, hakuna rufaa. Baba yangu kila mwaka alirudi ananung'unika na kila mwaka alichanga tena.

Mama alianza pilau usiku wa manane. Mchele ulishachambuliwa tangu jana yake, sisi watoto tumekaa na ungo tunatoa chuya. Pilau inapaliwa kwa mkaa juu ya mfuniko, na hakuna kufunua mpaka yeye aseme. Ukoko ulikuwa na foleni yake, unaanza mdogo kwenda mkubwa. Soda ilikuwa chupa moja watoto wawili, na chupa lazima irudi dukani, kwa hiyo ole wako uivunje.

Basi nataka kusikia kwenu. Na je, ni mimi tu ninayeona mambo yamegeuka? Siku hizi nikienda likizo Mwanza, mgeni anakaribishwa kwa sato, na pilau imekuwa chakula cha kila msiba na kila kikao.

mchokonozi aliandika:

Mkuu usitufanye wote wa mjini. Sisi wa Igombe Krismasi tulikula samaki yuleyule, kaongezewa nyanya na kitunguu tu. Tofauti ni kwamba siku hiyo tulikula tumevaa viatu.

MamaKulwa aliandika:

Hahaha mchokonozi umeniua na viatu.

Kwetu Misungwi alikuwa kuku, jogoo aliyetunzwa miezi. Tunamfukuza uwanja mzima mpaka majirani wanatoka kuangalia. Halafu sasa mgawanyo: firigisi ya baba, hiyo haijadiliwi. Paja la mgeni kama yupo. Mgongo na shingo ni vya mama. Watoto tulipata mabawa, miguu na kichwa, na mchuzi mwingi. Kaka zangu walikuwa wakiitwa nje kula na wanaume, sisi wasichana tunabaki jikoni na mama. Bibi mzaa baba alikuwa hali kuku kabisa, wala yai. Alisema alipokuwa msichana wanawake wa kwao walikatazwa, na yeye kuuacha mwiko huo uzeeni aliona ni kujisumbua. Alikaa kwenye kigoda chake na mtindi wa kwenye kibuyu, ugali wa mtama, basi.

Nilipoanza kujitegemea kitu cha kwanza nilichokifanya ni kununua firigisi nusu kilo. Nikakaanga zote. Nikala peke yangu. Wala hazikuwa na maajabu yoyote!

Makoroboi Halisi aliandika:

Assalaam aleikum wana uzi.

Kijana wa Mwaloni umesahau jambo moja. Huyo ng'ombe wenu wa tarehe 24 alichinjwa na nani? Nina hakika aliitwa Muislamu wa mtaani. Marehemu babu yangu ndiyo ilikuwa kazi yake mitaa ya Mlango Mmoja na Rufiji. Usiku wa kuamkia Krismasi alikuwa hapati usingizi, anagongewa na Wakristo: mzee twende, mbuzi yuko tayari. Alikuwa anarudi na fungu lake la nyama na kanzu yake imebadilika rangi, bibi anafoka.

Sababu ilikuwa wazi kwa kila mtu: wanataka majirani wote waweze kula. Na sisi Idd tulikuwa na kazi ya kusambaza sahani. Biriani inafunikwa kwa kawa, mtoto anatumwa: hii kwa mama Anna, hii kwa mzee wa Kijaluo, hii kwa mwalimu. Sahani hairudi tupu. Inarudi na maandazi, au sukari, au ndimu tu kama hawana kitu. Krismasi sahani zilezile zinakuja kwetu. Mimi nilikuwa najua sahani za mtaa mzima kwa sura.

Ndiyo maana 2013 uliposhika moto ule mgogoro wa nani achinje, huku kanda ya ziwa, wazee wa mtaani kwetu walishindwa hata kuelewa ugomvi unatoka wapi.

Kijana wa Mwaloni aliandika:

Aleikum salaam ndugu. Kweli kabisa, alikuwa mzee mmoja tukimwita Maalim. Na alikuwa hachangi hela, ila fungu lake lilitengwa kabla ya ile "hili la nani".

Pamba Nyeupe aliandika:

Mimi natokea Kisesa ndani ndani huko, sisi Desemba tulikuwa tunalima. Mvua zimeshika, kila mtu shamba, na ghala limebaki na panya. Krismasi ilikuwa inapita na wali kidogo, watu wanarudi kupalilia.

Sikukuu ya Msukuma mkulima ilikuwa pamba ikishauzwa. Mwezi wa sita, wa saba. Tulichambua pamba uani, safi huku, chafu kule, tukashindilia kwenye magunia, baba akakodi mkokoteni kwenda chama cha msingi. Mzani pale ulikuwa na vituko vyake, wazee wanaujua. Enzi za Nyanza hizo, chama kikuu cha ushirika. Siku malipo yakitoka hamlali, mnasikiliza barabara.

Baba anarudi na nini? Mikate! Unajua mtoto wa shamba anavyouona mkate wa dukani? Tulikuwa tunaula mkavu, bila chai, ili usiharibike ladha. Sukari, chumvi ya mawe, kitenge cha mama, kaptula zetu zimenunuliwa kubwa makusudi. Kesho yake mbuzi. Wanaume wanakula kwenye shikome wakiota moto, wanazungumza mambo yao, na sisi wavulana tunaruhusiwa kukaa kwa masharti: ukiulizwa ujibu, usipoulizwa unyamaze. Nyama ya kuchoma ilipita kwa mkono, kutoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo, ikifika kwako imebaki kipande cha kutafuna tangu jioni mpaka asubuhi.

Na Bulabo, tamasha la ngoma za Kisukuma pale Bujora, baada ya sikukuu ya Ekaristi. Makundi mawili, Bagika na Bagalu, wanashindana ngoma, mmoja kaja na chatu, mwingine na fisi, watu wamejaa kilimani. Sisi watoto tulikuwa tunafuata karanga za kuchemsha na miwa. Ngoma tulikuwa tunaisikia tu.

Makoroboi Halisi aliandika:

Wabeja sana ngosha, yaani asante sana, mikate mikavu umenimaliza.

Dar_Sio_Kwetu aliandika:

Shikamooni wakubwa. Mimi nimezaliwa 2001, Nyakato. Naona mnasema samaki ilikuwa chakula cha kila siku kama mboga. Kwetu samaki mkubwa tulikula mara chache sana, siku zote ni dagaa. Sangara nilikuwa namuona kwenye gari la barafu tu. Hiyo enzi ya sato wa Jumanne iliisha lini hasa?

mchokonozi aliandika:

Iliisha viwanda vilipokuja, dogo. Minofu ikapanda ndege kwenda Ulaya, kwetu yakabaki mapanki. Mfupa mrefu una kichwa na mkia, katikati umenyolewa. Yanakaangwa yanakauka kabisa, unavunja unatafuna. Watu wazima wanaona aibu kusema, mimi sioni. Mapanki yalinisomesha. Mama yangu alikuwa anayakaanga na kuyauza pembeni ya barabara.

Kijana wa Mwaloni aliandika:

Mchokonozi heshima kwako na kwa mama.

Dogo, nikuongezee kituko. Mwaka 1999 Ulaya walizuia samaki wa ziwa letu, ilijulikana kuna wavuvi wanatumia sumu. Viwanda vikapoa, na sangara waliozoea kwenda uwanja wa ndege wakabaki Kirumba wanatafuta mnunuzi. Bei iliporomoka vibaya. Wavuvi walilia, vijana wa viwandani wakarudishwa nyumbani, na sisi watoto tukawa tunakula minofu minene ambayo hatujawahi kuiona ikikaa kwenye sufuria yetu. Mama alikuwa anafunua mashavu ya kila samaki, anamnusa, anambonyeza, kwa ile hofu ya sumu. Wapo majirani waliokataa hata kupewa bure. Shida ya watu wazima imebaki kichwani kwangu kama msimu wa shibe, na kaka yangu mkubwa aliyekuwa akibeba samaki kiwandani kipindi kile hapendi kabisa nikilisimulia hivi.

Zuio lilipoondolewa, shibe nayo ikaondoka.

mzee_wa_nansio aliandika:

Wanangu, hamjambo. Nawasoma tangu jana.

Mnalia sato na sangara kana kwamba mmezaliwa nao. Wote wawili ni wageni. Waliletwa ziwani enzi za mkoloni, miaka ya 1950, sangara akaendelea kupandikizwa upande wa Uganda mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1960. Huku kwetu kusini sangara tulianza kumwona kwa wingi miaka ya 1980. Samaki wa nyumbani tulipokuwa watoto Ukerewe alikuwa ngege, na ningu wakati wa mvua akipanda mito, na mbofu, na furu. Furu! Wadogo, rangi rangi, wa kila aina. Hao ndio waliotukuza. Mtoto anakwenda ziwani na ndoano, anarudi na mboga ya nyumba nzima. Walitungwa kwenye kamba ya mgomba, wakaanikwa juani, wakakaa.

Sangara alipofika watu hawakumtaka. Mafuta mengi, na nyama yake ukiianika juani kama furu inaoza. Wanawake wakajifunza kumkausha kwa moshi, kumkata vipande na kumkaanga kwa mafuta yake mwenyewe. Kuni zilitumika kweli, miti ikaumia. Wakati tunaendelea kujifunza kumpika, yeye alikuwa anamaliza furu. Wajukuu zangu ukiwatajia furu wanadhani ni tunda.

Sasa sikukuu. Tulikuwa tunatembea kwenda misa Kagunguli na viatu mkononi, tunavaa karibu na kanisa (kumbe mchokonozi na wewe). Tukirudi ni mbuzi, na ugali wa muhogo uliochanganywa na mtama, wali ni wa wageni na watoto. Machungwa hayakuhesabiwa, Ukerewe machungwa ni ya kupigania mipira. Na kama kuna mtu kapata samaki kamongo, huyo anapikwa nje, kwenye chungu chake, na wanaume. Mama zetu walikuwa hawamli wala hawataki chungu kile kiingie ndani. Kamongo wa kukaushwa, akaungwa karanga, mimi sijaona nyama ya kumshinda.

Miaka ya 1980 mwanzoni ilikuwa kazi nyingine. Vita vya Kagera vimeisha 1979, maduka matupu. Sabuni kwa foleni, sukari kwa foleni, unga wa yanga ule wa njano wa msaada. Krismasi moja mke wangu alitia chai sukari guru, tukala michembe na karanga, watoto wakaimba. Wanangu wale leo ndio wanaoikumbuka Krismasi hiyo kuliko zote, na mimi sitaki kuikumbuka.

MamaKulwa aliandika:

Shikamoo mzee. Tumekusoma kwa utulivu.

Dar_Sio_Kwetu aliandika:

Shikamoo babu. Kwa hiyo hata sisi tunaosema "sato wa asili" ni bure?

mzee_wa_nansio aliandika:

Marahaba. Mle tu. Amekaa miaka mingi, tumpe uraia.

Igogo Kusini aliandika:

Wasukuma mmejazana humu, ngoja Mhaya wa Igogo apite.

Sisi sikukuu ilishuka melini. Baba alikuwa anatupeleka bandari ya Mwanza Kaskazini asubuhi, MV Victoria imelala usiku kucha njiani kutoka Bukoba. Shangazi anashuka na mikungu ya ndizi, kahawa za kutafuna zimefungwa kwenye majani, na kama ni Novemba au Desemba, senene. Siku hiyo nyumbani hapalimwi, hapafuliwi, wote tunakaa chini tunanyonyoa mbawa na miguu. Shangazi anasema yeye akiwa msichana alikuwa ananyonyoa tu, wanaokula ni wanaume. Anasema hivyo huku anatafuna! Senene hawataki mafuta, wanajikaanga, unatia chumvi na kitunguu. Majirani wa Kisukuma walikuwa wanatucheka dirishani, kisha mmoja mmoja anakuja kuomba "kuonja tu".

Ndizi za Krismasi zinapikwa na nyama ya ng'ombe, zimefunikwa majani ya mgomba, moto mdogo. Pilau tulikula kwa majirani.

Nitaje na hili. Mei 1996 MV Bukoba ilizama ikiwa inakaribia Mwanza, na tulikuwa na watu wetu ndani. Wengi wamezikwa pale Igoma. Baada ya hapo mama hakutaka samaki aingie jikoni kwetu, sio dagaa, sio sato. Sio sisi tu, watu wengi Mwanza walisusa samaki kipindi kile, wachuuzi wa Kirumba watakumbuka. Kwetu ilichukua muda mrefu sana. Aliyemrudisha samaki ni bibi, alikuja kututembelea, akapika sato kimya kimya, akamwekea mama sahani. Mama akala. Hakuna aliyesema neno, tukaendelea na maisha. Desemba ile shangazi alikuja kwa basi, siku nzima njiani, senene zimechacha.

Makoroboi Halisi aliandika:

Pole sana ndugu yangu. Mtaa wetu nao uliondokewa. Mungu awarehemu.

Pamba Nyeupe aliandika:

Pole mkuu.

mchokonozi aliandika:

Pole Igogo. Siku hizi naona MV Victoria imerudi majini tangu 2020, na daraja la Kigongo na Busisi limefunguliwa 2025, basi halisubiri tena kivuko. Shangazi hana kisingizio, senene zifike zikiwa hai.

Nirudi kwenye hoja ya mwenye uzi. Unasema mambo yamegeuka, samaki amekuwa sherehe na pilau imekuwa kawaida. Mimi nabisha nusu. Pilau imekuwa kawaida kwako wewe unayelipwa mshahara Dodoma. Nenda Igombe leo hii, ugali na dagaa Jumatatu mpaka Jumamosi. Kilichogeuka ni kwamba sato yule wa Jumanne amepanda gari. Sasa wanafuga kwenye vizimba, unamkuta sato yupo mita mia kutoka mlangoni kwako, ndani ya wavu, ana mwenyewe.

Kijana wa Mwaloni aliandika:

Nusu hiyo naikubali. Ila wa kizimba simpendi, ana mafuta tumboni na nyama yake laini mno.

mzee_wa_nansio aliandika:

Hayo ndiyo tuliyosema kuhusu sangara.

Dar_Sio_Kwetu aliandika:

Hahahaaa babu kamaliza!

Mama Kulwa, naomba unisaidie. Mmetaja michembe, mimi nimeikuta kwa watu tu, sijawahi kupika. Nina mfuko nimeletewa kutoka Magu. Na tofauti yake na matobolwa ni nini?

MamaKulwa aliandika:

Mwanangu, michembe ni kiazi kibichi. Kinamenywa, kinakatwa vipande vyembamba, kinaanikwa. Kwetu tulianika juu ya mawe, yale majabali yanashika joto, siku chache kimekauka kinalia. Matobolwa yanachemshwa kwanza na maganda yake, ndipo unamenya, unakata, unaanika. Haya unaweza kutafuna makavu hivyohivyo njiani, au ukayachemsha ukala na maziwa. Sisi tuliyabeba shuleni mfukoni.

Ya kwako ni michembe? Angalia kama vipande ni vyeupe na vyepesi. Chagua kwanza, toa vyenye vitobo, hao ni wadudu. Osha mara mbili tatu. Loweka kidogo, kisha chemsha kwa maji yanayofunika, bila chumvi mwanzoni. Karanga usinunue ya kopo, twanga mwenyewe, kaanga kidogo utoe maganda, twanga ziwe unga wa chengachenga. Viazi vikilainika unatia karanga uliyoikoroga na maji baridi, chumvi, unapunguza moto na husogei hapo, karanga inapenda kumwagika ukigeuka tu. Ikishika rojo, epua. Wengine wanaponda kwa mwiko, wengine wanaacha vipande. Kwetu tuliponda.

Usitie sukari. Kiazi kina sukari yake. Nimeona video watu wanatia maziwa ya unga na iliki, sijui wamekosa nini.

Pamba Nyeupe aliandika:

Mama, mtindi wa baridi pembeni.

MamaKulwa aliandika:

Hilo si la kusema, Pamba, ni la kuleta. Dogo wa Nyakato, ukipika tuwekee picha. Na ukoko wa chini usikwangue, una wenyewe.